Sebule ya Kuazima

Egesa wa Masinya hatupi kitu. Ana duka la spea za pikipiki mjini Busia, upande wa Uganda, na kila kinachokataa kuuzika dukani hurudi nacho nyumbani. Rimu zilizopinda, plagi zilizoungua, redio zisizosema, mfuniko wa cherehani ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuiona: vyote vimo katika chumba cha nyuma anachokiita stoo, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mkewe Norah, mzaliwa wa Tororo, humwuliza mara kwa mara vitu hivyo vinangoja nini.

"Vitafaa, Mama Jovia," Egesa hujibu, na mazungumzo huishia hapo.

Simu yake nayo ilikuwa na tabia za mwenyewe. Kila ua waridi la "habari za asubuhi" lililotumwa kwenye kundi la kanisa lilikuwamo. Kila bao la mpira la mwaka juzi lilikuwamo. Ilikuwamo pia video ya mbuzi aliyepakiwa kwenye bodaboda, nakala tano, kwa sababu watu watano walimtumia na hakutaka kumdharau hata mmoja.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini Jovia, binti yao wa kwanza, akapata mchumba ng'ambo ya mpaka, na wakwe wakapangiwa siku ya kuja. Kwa watu wa Norah, mjomba asipotamka kwa kinywa chake kwamba ameridhia, binti hatoki chumbani na chakula hakipakuliwi. Mjomba mwenyewe, Oketcho, mdogo wake Norah, alikuwa Doha akilinda jengo. Ni jasho lake la huko lililomsomesha Jovia ualimu. Jovia alimpenda sana, na alisema bila kuficha kwamba kama mjomba hataiona siku ile toka mwanzo hadi mwisho, basi wakwe waambiwe wabaki kwao.

"Mjomba wako atakuwepo," Egesa alimwahidi. "Atakuwepo kama ameketi hapa."

Norah akamwambia atumie simu yake yeye. Egesa alicheka. Simu ya Norah ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka kona, na haikuwa na kitu ndani, maana Norah akishasoma ujumbe huufuta palepale. Kazi ya mjomba ilihitaji simu ya mwanamume. Tatizo ni kwamba simu hiyo ya mwanamume haikuweza mambo mawili kwa wakati mmoja. Egesa akiwa kwenye video na mtu, akifungua picha kidogo tu, video inakatika, na akirudi anakuta kila kitu kinaanza upya. Na siku hiyo alitaka kupiga video, kurekodi, na kupokea simu za wageni waliopotea njia.

Akaipeleka kwa Aboth, fundi simu mwenye kibanda karibu na mpaka. Aboth aliifungua, akaikagua, akatikisa kichwa.

"Mzee, simu yako iko na sebule ndogo," alisema. "Kila kitu unafungua nakuja nakaa sebuleni. Sebule ikijaa, simu nafukuza mgeni moja ndio ingine ikae. Sasa iko mahali kwa setingi, unakata kona ya stoo, pale picha na video nalala, unaongeza viti. Wageni hawafukuzwi ovyo."

Egesa alikuwa ameshasimama.

"Ngoja, sijamaliza. Stoo si sebule. Mtu akikaa stoo, kumuita nachukua wakati. Na hiyo kubeba beba kila saa nachosha simu. Halafu yako stoo imejaa mpaka mlangoni. Futa vitu kwanza, kisha chukua kidogo tu."

Katika maneno yote hayo, Egesa aliondoka na moja: chukua. Alipofika nyumbani alitafuta pale kwenye setingi, akakuta anaweza kuongeza kidogo, kiasi, au sana. Ni cha bure, alijiambia, kwa nini nijinyime? Akachagua sana.

Na tuseme kweli, siku za kwanza mambo yalikuwa matamu. Alisikiliza mpira huku akijibu wateja, akarudi kwenye mpira akaukuta palepale alipouacha. Alifungua kikokotoo, kundi la kanisa na picha za spea, na hakuna aliyefukuzwa. Alimweleza mchungaji. Alimweleza muuza chapati, ambaye hakuwa ameuliza. Simu ilipoanza kupata joto mfukoni alisema ni jua la Busia, na ilipoanza kusitasita kabla ya kufungua kitu alisema inafikiria.

Jumamosi ikafika. Wakwe walipokelewa, wakakaa chini ya turubai, na Egesa, kanzu nyeupe na koti juu yake, akaisimamisha simu kwenye kigoda mbele yao. Oketcho alionekana vizuri, amevaa tai. Akasalimia, wakwe wakaitikia. Egesa akawasha na kurekodi. Akapokea simu ya mgeni aliyepotea njia huko Masaba. Ndipo simu ikasimama kabisa, na sura ya mjomba ikabaki kinywa wazi, jicho moja limefumba, mbele ya wazee wa watu. Kisha picha ikazimika na maneno yakatokea kwamba nafasi imejaa.

"Dakika moja," Egesa alisema.

Alianza kufuta. Alifungua bao la kwanza ili ajue kama linafaa kufutwa, akaona lilikuwa bao zuri, akaliacha. Akafika kwa waridi, akakumbuka aliyelituma ameshafariki. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Shangazi mmoja alitoka chumbani akamnong'oneza, "Binti anauliza, mjomba yuko?" Egesa akaendelea kubofya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na yake ilikuwa imefunguka mbele ya wakwe.

Norah alitoa simu yake kwenye mkoba, akaipangusa kwa kitenge, akampigia ndugu yake. Oketcho akarudi, tai na yote. Aliridhia kwa sauti iliyotetemeka kidogo, Jovia akatoka akimwangalia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na watu wakapiga vigelegele. Kisimu kile hakikukatika hata mara moja. Chakula kikapakuliwa.

Baada ya kula Oketcho akasema, "Dada, hebu nitembeze nyumbani. Nataka kuona chumba changu. Kile kitanda bado kiko dirishani?"

Kabla ya kwenda Doha alikuwa ameishi nao, katika kile chumba cha nyuma. Norah alimtazama mumewe.

"Muulize shemeji yako," alisema. "Ufunguo anao yeye."

Egesa alifungua. Rimu moja ilibingirika mpaka uani, miguuni pa mkwe mkubwa. Ndani hapakuonekana kitanda wala dirisha, na Norah akaielekeza simu huko.

"Shemeji," Oketcho alisema, wala hakuwa na hasira, "mkataba wangu unaisha Desemba. Nitalala wapi?"

Egesa aliona aibu ambayo simu haikuwa imempa. Alikuwa ameahidi mtu huyu atakuwa kama ameketi hapa, na hakuwa amemwachia hata mahali pa kuweka kiti.

Jumatatu duka halikufunguliwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni, akaondoka, akarudi tena, huku Norah akifagia kila kona iliyoachwa wazi. Jioni kitanda kilikuwa dirishani. Egesa alitoa simu akipige picha, na simu ikamwambia hakuna nafasi.

Akaketi juu ya kitanda kile. Alirudi kwenye setingi akazima viti vya kuazima, kisha akaanza kufuta: mabao, waridi, na mbuzi wa bodaboda, wote watano. Halafu akapiga picha, akaituma Doha.

Jibu lilikuja kabla hajainuka. "Asante, shemeji. Usisahau mto."