Mihogo Chini ya Kitanda

Binti yangu wa miaka saba alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu, ule tunaita SS. Huko India walimpandikizia uboho wa kaka yake, tukarudi Bunia na karatasi ya makatazo. Asipumue vumbi, asikaribie kitu chenye kuvu, maana mwili wake haukuwa bado na nguvu ya kujikinga. Asipumue vumbi, Bunia hii! Nilicheka peke yangu uwanjani tuliposhuka kwenye ndege.

Mama mukwe akaja toka Bogoro kumuona mutoto, na beseni la mihogo. Kwetu bugali tamu ni ya muhogo uliovundikwa: unaumenya, unaurundika, unaufunika kwa majani mpaka uote kuvu nyeusi, ndipo unaukwangua na kuuanika. Mvua ilikuwa inanyesha, akaniuliza aufunike wapi. Nilikuwa na haraka zangu. Nikamwambia aweke chini ya kitanda cha mutoto, mule kuna joto. Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Baada ya siku chache homa ikapanda, na kikohozi kikavu. Daktari akapiga picha ya mapafu, akaongea na wale wa India kwa simu, akasema wanahofia kuvu imeingia kifuani, na kwa mutoto kama huyu inaweza kuua. Akauliza nyumbani kuna nini. Nikajibu upesi, "Mama mukwe alileta mihogo." Basi, hiyo tu. Na ulimi wangu ni mkali: kufika nyumbani niliongeza maneno ambayo sitayaandika hapa.

Dawa ilitoka Kampala, kwanza ya serumu, ile ya mshipani, kule hospitali, kisha vidonge nyumbani. Mama mukwe hakurudi Bogoro. Kila asubuhi alisugua chumba cha mutoto kwa javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, halafu anatoka, anakaa nje ya dirisha, anamupigia mutoto hadithi kupitia wavu. Mutoto akimuita aingie, anajibu, "Niko hapa hapa, mama."

Juzi picha ilitoka safi. Vidonge viendelee, daktari alisema, lakini kifua kimepona. Nilikaa chini pale koridoni nikalia, kuogopa kulikuwa kumenichosha sana.

Nyumbani nilienda moja kwa moja kwenye lile dirisha.

"Mama, ni miye nilikuambia uweke chini ya kitanda."

"Najua," akasema, akiendelea kumenya viazi. "Si nilikuwa pale? Lakini weye ungeanza kujilaumu, nani angemupa mutoto dawa?"

Nikabeba kiti chake, nikakiweka ndani, kando ya kitanda.