Nilimuambia Mujukuu Wangu Ataona Mwezi

Admin, ficha jina langu na la mutoto. Mi sikusoma hata darasa moja, ninasema mu telefone na weye unaandika. Usinitengenezee maneno, andika vile ninasema.

Niko na miaka soixante-huit, sitini na munane. Nilitoka Lubumbashi, sasa niko huku Bruxelles, Laeken, kwa binti yangu. Yeye anasafisha mabiro, maofisi ya kule Schuman, anatoka mbele mutoto aamuke, na mangaribi anarudia kazi ya pili. Donc ni mi njo ninalea mujukuu wangu mwanamuke. Ana miaka douze, kumi na mbili, alizaliwa na trisomie, ile banaita Down, anasoma ku masomo ya batoto ba namna yake. Bantu banasema eti hana akili. Uongo! Akili anayo, lakini neno ukimuambia analikamata vile vile ulilisema. Ukimuambia "chunga mulango", hatasogea pale mpaka urudi.

Bon. Siku moja mu kaye yake, daftari ya masomo, mulitoka karatasi. Ilichorwa mutoto mwanamuke na mutoto mwanaume, uchi kabisa, na chini tusanduku tubili twa kutia alama. Kusoma sijui, lakini NON, ile hapana yabo, ninaijua. Ile miaka tuliomba papiers za kukaa huku balituandikia NON mpaka nikaizoea kama sura ya jirani. Karatasi ilikuwa inauliza kama mutoto aingie mu masomo ya mwili: damu ya banamuke, kujisafisha, nani anaweza kukugusa na nani hapana. Hayo niliyajua nyuma. Siku ile niliona bantu uchi tu.

Kwetu mama hazungumuzi na binti yake mambo ya mwili. Ni kambo, mama ya mama, njo anafundisha, juu kambo na mujukuu banataniana bila haya. Nikasema, hawa Bazungu banataka kuniibia hata hii kazi? Nikatia musalaba mu NON. Kisha signature, sahihi. Binti yangu anaitia mu kaye kila juma, kamustari kenye kupinda na nukta moja. Nikakaiga. Karatasi nikairudisha mu sac, sikumuambia muntu.

Huo ni ubaya wa kwanza. Wa pili unaupita: ile kazi nilisema ni yangu, sikuifanya. Tulikuwa tunatoka soko ya Chaussée de Wavre na pondu yetu, majani ya muhogo, nikamuambia, "Weye, unakomaa. Karibu utaona mwezi. Ukiuona usimuonyeshe muntu, njoo kwangu." Akaitika, "Oui, Kambo." Nikajipongeza eti nimefundisha. Nyuma ya siku mbili tatu nikamukuta ku dirisha, shingo juu.

"Unatafuta nini?"

"Mwezi."

Nikacheka, mi mujinga, nikafikiri anacheza. Na niwaambie ukweli wote, hata munichukie: moyoni nilisema, huyu hataolewa, hatazaa, maneno mingi ya nini? Nilikuwa na haya, nikaificha nyuma yake yeye.

Alors, damu ilimupata ku masomo. Batoto benzake balikuwa bamefundishwa na poupée, mutoto wa bandia, serviette ya damu inakaa wapi, muntu gani wa kuita. Wangu, saa ya somo lile, balimupeleka kuchora. Alipoona damu akajifungia mu toilette, akavua soksi zote mbili akazitia pale, akanyamaza. Bus ya batoto ikaondoka bila yeye. Balimutafuta mpaka inje ku cour. Balipogonga alisema neno moja tu: "Kambo alikataza." Mwalimu wake, Muzungu mwanamuke mwembamba, alikaa chini ku ule mulango saa nzima, anamuimbia, mpaka mutoto akafungua mwenyewe.

Alipofika nyumbani aliniuliza, "Kambo, niko ninakufa?"

"Hapana, mama. Ule njo mwezi nilikuambia."

"Haiko mwezi, Kambo. Ni damu."

Nikaenda kumupashia maji ya kuoga.

Kesho yake binti yangu alienda kule na moto. "Juu ya nini benzake bamefundishwa na wangu hapana?" Mwalimu akatoa karatasi. "Madame, mulikataa. Signature ni hii." Binti yangu akaangalia: "Hii haiko yangu!" Sasa anaamini mwalimu aliiandika mwenyewe juu ya uvivu, na amemushitaki kwa directrice, mukubwa wa masomo. Réunion, mukutano, ni jeudi, Alhamisi. Ku nyumba anapiga meza: "Maman, ule alitia hii signature hatagusa tena mutoto wangu, mu maisha yangu yote! Na weye utakuja, utabaambia hii karatasi hatukuiona." Mi nilikuwa ninasonga bukari, ugali wetu. Nikaitika "eeh", nikaendelea kusonga mpaka ikawa jiwe.

Na ule mwalimu, pamoja na kushitakiwa, alitia mu sac ya mutoto serviettes na mapicha ya kufundishia. Tulikaa ku kitanda, mi na mujukuu, tukafungua. Siku mbili tu akajua. Mi niligeuza picha kichwa chini, akanichapa mukono: "Kambo, si hivyo! Huna akili!" Tukacheka. Kisha nikaenda kulia mu salle de bain, kwa kuoga, juu siku mbili njo nilimunyima.

Nikisema, binti yangu ataninyanganya mutoto, na mi sina kazi ingine mu hii dunia. Nikinyamaza, mwanamuke aliyekaa ku mulango wa toilette juu ya mujukuu wangu atapoteza kazi na jina. Banangu, bamama benzangu, mi si wa kubembelezwa. Munitukane kama munataka, lakini munijibu mbele ya jeudi. Nimuambie binti yangu sisi babili ku nyumba, ao nisimame mbele yabo bote? Kunyamaza musinishauri, hiyo ninaijua tayari. Neno la kwanza njo linanishinda. Munipe hata hilo moja.