Kiti cha Evodia kwenye Gari la Misiba

Umande haujakauka kwenye migomba ya Kashozi, na Onesphory Mujuni amejilaza chali chini ya pikapu yake nyeupe, mkono mmoja ukipapasa koki iliyo chini ya rejeta. Injini ni baridi. Anafungua. Maji ya rangi ya kutu yanachuruzika kwenye karai, naye anayatazama kwa uso wa mtu aliyeletewa taarifa mbaya.

"Hii ilikuwa kijani," anasema. "Kulanti ikifika hapa haipoozi tena injini."

Anatoka chini ya gari na kulifunika karai kwa kipande cha bati. Maji hayo ni matamu na ni sumu, na mbuzi wa jirani hawana adabu.

Onesphory ana miaka sitini na mmoja. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akibeba misiba, kutoka Bukoba mjini hadi vijijini, mara nyingi Muleba, ambako ndugu wanamsubiri marehemu wao azikwe kwenye kibanja cha ukoo. Hajawahi kuiona kazi hiyo ndogo.

"Mtu akishafariki, amebakiwa na safari moja tu," anasema. "Huwezi kumwambia asubiri gari lipoe."

Ndiyo maana kulanti huibadilisha mwenyewe, hapa nyumbani, bila haraka. Lakini kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anasimama mbele, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, anaangalia mapovu ya hewa yakitoka na kuongeza kinachopungua. Mwingine anakaa kwenye usukani, anakanyaga mafuta taratibu, macho kwenye mshale wa joto.

Aliyekuwa akikaa kwenye usukani ni mkewe, Evodia. Maskini, hakuwahi kuendesha gari hata siku moja. Alikuwa akija na khanga yake begani na kahawa za kutafuna kiganjani, akitafuna huku injini ikipata moto. "Baba Edvina, mshale umetulia, waitu," alikuwa akisema, akimalizia kwa neno hilo la Kihaya la upendo na heshima, na mumewe akajua hewa imekwisha.

Evodia alifariki Pasaka ya mwaka juzi, kwa ugonjwa wa tumbo ulioanza kama mchezo. Alipelekwa Muleba kwa pikapu hii hii. Ndugu walimkatalia Onesphory kushika usukani, wakisema mfiwa haendeshi. Alikaa nyuma, mkono juu ya jeneza.

"Njia nzima nilikuwa nasikiliza injini," anasema. "Sikulia. Nilisikiliza tu, isije ikachemka na mama Edvina yumo." Anajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi.

Tangu siku ile hakumruhusu mtu mwingine kukaa kwenye kiti kile. Binti yake Edvina, fundi cherehani anayeishi naye, aliomba mara kadhaa amsaidie, akakataliwa. Baba akawa anaweka tofali juu ya pedeli ya mafuta.

Tofali halina macho. Mwezi uliopita hewa ilibaki ndani bila yeye kujua, na gari likachemka mlimani akiwa na mwili wa kijana mmoja. Walipofika Muleba giza lilikuwa limeingia, mvua imelijaza kaburi maji, na mazishi yakaahirishwa. Mama wa marehemu hakumlaumu. Alimuuliza tu, "Mwanangu amechoka sana njiani?"

"Laiti angenitukana," anasema Onesphory.

Kesho ana msiba mwingine, njia ile ile. Asubuhi hii ameisuuza rejeta kwa maji safi, akaacha injini ipate moto, ikapoa, akamwaga, akarudia mpaka maji yakatoka meupe. Amemimina kulanti mpya. Imebaki kutoa hewa tu.

Tofali liko pale karibu na mlango wa gari. Analiokota, analishika kitambo, kisha analirudisha chini.

"Edvina!" anaita. "Njoo ukae hapa."

Binti anatoka ndani na futikamba yake shingoni, anasita mlangoni mwa gari. "Kwa mama?"

"Kwa mama."

Anapanda. Injini inanguruma. Baba ameinama juu ya rejeta, anaongeza kidogo, anangoja, anaongeza tena. Mapovu yanapungua, kisha yanakoma.

"Baba," anasema Edvina. "Mshale umetulia."

Onesphory hageuki. Inamchukua muda kuufunga mfuniko.

Baadaye, akinawa mikono, anasema amepanga kumfundisha binti yake yote, mpaka kuendesha.

"Siku yangu ikifika, gari hili ndilo litanipeleka Muleba nikalale karibu na mama yake," anasema. "Na usukani najua hawatanipa. Basi awepo wa kuniangalizia mshale."