Mashine Ilisema Hakuna

Mpaka leo mtu akiniambia "kompyuta imesema", naomba nione karatasi kwanza. Wenzangu wananicheka, eti mie ni mtu wa kompyuta wa namna gani ninayeogopa kompyuta. Acha wacheke. Hawakuwepo Kimara asubuhi ile.

Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa, na zahanati za watu binafsi zilikuwa zinaota kandokando ya Barabara ya Morogoro kama uyoga. Daktari mmoja alifungua ya kwake yenye vyumba vinne, akaleta kompyuta iliyokwishatumika huko ng'ambo alikosoma, akatafuta mtu wa kuiendesha. Mtu huyo nikawa mie. Nilikuwa na cheti cha kozi ya miezi sita na maringo ya mtu aliyesoma miaka sita.

Kabla yangu, habari za wagonjwa zilikuwa kwenye kadi, karatasi nene zilizokunjwa mara mbili na kupangwa kwenye maboksi. Aliyeziandika ni nesi, mama mtu mzima kutoka Mbeya, mkali kama pilipili kichaa. Aliandika kwa wino wa bluu. Lakini kama kuna dawa inayomkataa mgonjwa, inayoweza hata kumuua, aliiandika juu kabisa kwa wino mwekundu, herufi kubwa, hata kipofu aione. Mie nikakaa miezi kadhaa nikiziingiza zote kwenye mashine, karibu wagonjwa elfu moja, mpaka vidole vikaota sugu.

Nilipomaliza, daktari akauliza yale maboksi tuyaweke wapi. Nikamjibu mie mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, "Ya nini tena? Wote wamo humu." Nikayabeba mpaka ng'ambo ya barabara kwa mama muuza vitumbua, ambaye karatasi za kufungia zilikuwa zinampa shida. Alinishukuru sana. Watu wa Kimara wakaanza kula vitumbua vilivyofungwa kwa magonjwa ya jirani zao, na mie nikaona ni kichekesho.

Programu niliiandika mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na databesi ndogo, ile aina isiyohitaji mashine nyingine ya kuisimamia. Inakaa humohumo ndani ya programu, na kila kitu kimo kwenye mafaili mawili tu. Faili la kwanza lina wagonjwa wenyewe, mmoja chini ya mwingine. La pili ni faharasa, inayosema fulani yuko mstari wa ngapi. Ukiandika jina, programu inaiuliza faharasa, kisha inakwenda kwenye mstari ulioambiwa na kukusomea kilichopo.

Sasa, umeme ukikatika wakati mashine inaandika, wagonjwa wanaweza kupona lakini faharasa ikavurugika. Hapo ukimtafuta mama Juma inakupeleka kwa mtu mwingine kabisa. Dawa yake niliijua: unaifuta faharasa na kuijenga upya, kazi ya dakika ishirini. Nilikuwaga naifanya kila umeme unaporudi, wallahi. Ila dakika ishirini ni nyingi jamani, watoto wanalia dirishani na mama zao wanakutolea macho. Siku moja nikairuka, sikuona ubaya wowote. Nikairuka tena.

Na nilikuwa nimefanya kosa jingine, la maringo. Juu ya skrini, programu yangu ilionyesha jina ulilolitafuta wewe, siyo jina ililolikuta kwenye faili. Niliona inapendeza hivyo, na inakwenda haraka. Kwa hiyo hata ikikupeleka kwa mtu mwingine, juu pale unaona jina la yuleyule unayemtaka.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kizaramo, mama mwenye utani usiokauka, naye alikuwa mmoja wa wale wagonjwa elfu moja. Kila asubuhi nikitoka na ndoo ya maji ananidaka, "Haya mke wa kompyuta, mumeo kaamkaje?" Nilikuwa sina hata nusu mwaka kwake, lakini alikuwa ananipakulia chakula bila kuniuliza kama nina njaa. Asubuhi ile nilitoka na ndoo na sikusikia kitu. Nikamkuta amekaa kitandani, jino lililomsumbua siku mbili limemvimbisha shavu mpaka shingoni, taya limekaza, hawezi kufungua kinywa hata kupitisha kijiko. Anawaka moto. Nikamshika kiunoni, tukaenda hivyohivyo mpaka zahanati.

Daktari alikuwa amekwenda mjini. Nesi akampapasa shingo, akapima homa, akapima tena. Nikajua ni kubaya, maana yule mama harudiagi kipimo.

"Usaha unashuka," akasema. "Penisilini, sasa hivi. Nenda kwenye mashine yako uniangalizie kama inamkataa."

Nikakimbilia chumba cha pili, nikaandika jina. Likatokea juu, sawasawa. Chini yake: dawa zinazomkataa, hakuna. Nikapaza sauti kupitia kidirisha cha ukutani, "Hakuna!"

Kwenye kile kidirisha nilimwona mama mwenye nyumba akinyanyua mkono. Nesi akaushika, akaushusha taratibu. "Usiogope mama, ni sindano moja tu."

Nilikuwa nanyoosha kidole nifunge ukurasa, macho yakaangukia mstari wa chini. Umri: miaka minne.

Nikasoma tena, labda ni arobaini. Ilikuwa minne. Huyu si yeye, ni mtoto wa mtu! Sikumbuki nilivyotoka kwenye kile chumba, nakumbuka kupiga kelele tu, "Usimchome! Sista, usimchome!" Nesi alikuwa ameshapangusa mahali pa kuchoma, sindano iko mkononi.

"Una wazimu wewe?"

"Mashine imenipa mtu mwingine."

"Haya, yeye mwenyewe inasemaje?"

"Sijui."

"Hujui? Si umesema hakuna?"

Nesi akamwinamia mgonjwa. "Mama, sindano inakukataa?" Akatikisa kichwa kukubali. "Au haikukatai?" Akatikisa kichwa vilevile. Macho yalikuwa yameanza kugeuka meupe, homa imeshampeleka mbali, na angeulizwa kama yeye ni mwanamume angekubali pia.

Nikarudi mbio kuijenga faharasa. Namba zikaanza kupanda polepole kwenye skrini: hamsini, mia, mia moja na hamsini. Mgao wa kwetu ulianza saa nne, na saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi. Nilikuwa naomba kwa sauti. Mia nne na kitu, skrini ikafyatuka ikawa nyeusi. Watu wa umeme hata hawakungoja saa nne ifike. Feni ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama.

Loo! Nilitaka ardhi inimeze.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba, na hilo liliniogopesha zaidi. "Sikiliza binti. Nikimchoma na dawa inamkataa, atanifia hapa. Nisipomchoma, dawa nyingine niliyonayo ni vidonge, na kinywa hakifunguki. Hospitali kubwa iko mbali, na kwa homa hii sijui kama atafika. Nipe kadi yake. Kadi haidanganyi, niliiandika mwenyewe. Iko wapi?"

Nikatazama ng'ambo ya barabara.

"Kadi iko wapi?"

"Kwenye vitumbua," nikasema, nikaanza kulia.

Nilivuka Barabara ya Morogoro bila kutazama, lori likanipigia honi mpaka masikio yakaziba. Hata shikamoo sikutoa. Nikalipindua boksi la kwanza, nikapiga magoti vumbini, nikaanza kuchambua. Maboksi mengine yalikuwa matupu. Zaidi ya nusu ya kadi zilikuwa zimeshakwenda, zimeliwa, zimetupwa mitaroni. Nilikuwa nasoma majina huku naona kama namzika kwa mikono yangu.

"We mwana, una nini?" mama vitumbua akaniuliza, upawa mkononi.

"Natafuta kadi ya mama mwenye nyumba wangu. Anakufa, mama. Nataka kujua kama sindano inamkataa."

"Ya wino gani?"

"Wino gani kivipi?"

"Kama ina wino mwekundu huko huipati. Zile sifungii. Zikikutana na mafuta zinatoa rangi, watu wananigombeza wanasema vitumbua vyangu vina damu. Zote nimezitia kule chini ya debe la unga."

Nikalisukuma lile debe. Zilikuwepo, labda thelathini, hazina hata tone la mafuta. Kila mtu wa Kimara ambaye dawa fulani ingeweza kumuua alikuwa amekaa pale, amechambuliwa na mwanamke asiyetaka kuharibiwa vitumbua vyake. Ya saba au ya nane ilikuwa ya mama mwenye nyumba. PENISILINI INAMKATAA. ALIZIMIA.

Nesi aliisoma mara moja, akaichukua ile sindano na kuimwaga kwenye beseni. Tukampakia mama kwenye pikapu ya jirani, mie nimekipakata kichwa chake, kadi nimeibana kwenye meno. Njia nzima nilikuwa namwekea kiganja puani kusikia kama anapumua. Kule hospitali kubwa dawa ya kwanza aliyoitaja daktari ilikuwa ileile penisilini. Nikamtolea kadi usoni kabla hajamaliza kusema. Wakampa nyingine, wakamng'oa jino, akalazwa zaidi ya wiki.

Lakini hofu yangu haikuisha pale, ndiyo kwanza ilianza. Tangu niliporuka kuijenga faharasa, ni wangapi niliwaitia "hakuna"? Siku tatu nilizunguka na zile kadi nyekundu, nyumba kwa nyumba, Kimara mpaka Mbezi. Kila nikikata kona naangalia kwanza kama pametandikwa mikeka ya msiba uani. Nikiona watu wengi wamekaa nje, napita kwanza kama mpita njia. Nilipiga hodi ya mwisho nikiwa sina sauti. Wote walikuwa wazima. Siyo kwa akili yangu, ni bahati tu.

Nikaifumua programu. Ikawa inaonyesha jina ililolikuta, na haifunguki umeme ukirudi mpaka faharasa ijengwe upya, foleni ikilia na ilie. Jina likiwa halilingani, inaandika SIJUI, skrini nzima. Daktari alilalamika kwamba wagonjwa watatudharau, mashine gani inasema haijui. Nikamwambia ikiondoka hiyo na mie naondoka. Nesi akarudi kwenye kadi zake na wino wake, na safari hii hakuna aliyegusa boksi.

Mama mwenye nyumba aliporudi akawa anamtangazia kila mtu mtaani kwamba kompyuta ya mpangaji wake ndiyo iliyomwokoa. Dukani, kisimani, kwenye maulidi. Nilikuwa nikimsikia natamani kujificha. Watu wakaanza kuja dirishani, hawataki tena kuulizwa na nesi, eti tuulize mashine.

Alasiri moja nikamfuata uani, anachagua mchele kwenye ungo. Nilikuwa nimeinakili kadi yake upya kwa wino mwekundu, atembee nayo popote. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, si mashine iliyokuokoa. Mashine ilisema hakuna."

Hakuinua macho. Akatoa kijiwe, akakitupa. "Najua. Nilikusikia ukiita."

Akatoa kijiwe kingine.

"Nikanyanyua mkono nikatae, yule mama akaushusha. Nikasema moyoni, basi, mtoto huyu ndiye anayeniua, na kesho akijua atalia sana."

"Mbona unawaambia watu ndiyo iliyokuokoa?"

"Sasa nikiwaambia hivyo, nani atakulaumu?"

Mikono yake ilikuwa na vumbi la mchele. Akanisogezea pindo la khanga nimfungie ile kadi. Nikalifunga, likafunguka, nikalifunga tena.