Akamwani ya Bibi Kokubanza

Tangu mkewe Maimuna azikwe, Hafidhi Haidari huacha redio ikizungumza anapotoka nyumbani kwake mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, ili akirudi akute sauti. Jioni hupika ndizi za kumtosha mtu mmoja, na kila mara humzidi. Binti yake Yasmin yuko Dodoma. Hupiga simu Ijumaa, humuuliza kama amekula, na baba hujibu kwamba ameshiba.

Alikuwa afisa ustawi wa jamii hadi alipostaafu. Siku hizi ni mtaalamu mshauri. Halmashauri zikianzisha mpango humwita aziandikie mwongozo na kuwafunza wahudumu. Mpango wa mwisho aliouandika ulikuwa wa Muleba: wahudumu wa vijijini wawatembelee wazee wanaoishi peke yao, wakae nao, wajue kama wanaumwa, wawachotee maji. Aliuandika kwa moyo, maana alijua nyumba ya mtu mmoja inavyokuwa saa za mchana.

Ndipo Johnson, msimamizi wa mpango, akampigia simu.

"Mzee Hafidhi, wazee wako wanatukimbia. Kuna bibi mmoja huko Kamachumu, akimsikia mhudumu anajifungia ndani, jua linawaka. Wakubwa wanasema kama hawataki kutembelewa, tuufunge mpango."

"Niache niende kwanza."

"Nenda. Wewe una mvi, pengine watakufungulia."

Alikwenda na Hellen, mhudumu wa kijiji, msichana mpole aliyefundishwa na Hafidhi mwenyewe. Mvua ilikuwa imekatika na migomba bado inadondosha maji. Nyumba ya Bibi Kokubanza ilikuwa katikati ya kibanja chake cha migomba, moshi unatoka jikoni, mlango umefungwa.

"Hodi, bibi. Ni Hellen."

"Hellen yule asiyekula kwangu?" sauti ikajibu kutoka ndani. "Bibi hayupo. Amekwenda sokoni."

"Sasa anayejibu ni nani?" Hafidhi akauliza.

"Paka."

Hafidhi akacheka, kicheko kilichomshtua mwenyewe, kwa kuwa hakikuwa kimetoka siku nyingi. Akasogea mlangoni, akamsemesha kwa heshima ya Kihaya. "Na huyo paka, waitu, hana akamwani ya kumpa mgeni?"

Komeo likavutwa.

Alikuwa mwembamba, macho yameingia ukungu. Sakafuni alikuwa ametandaza nyasi mbichi, kama mtu anayengojea wageni. Akapapasa rafuni, akashusha kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa. Akatia punje moja mdomoni mwake kwanza, kisha akamnyooshea Hafidhi.

"Mtu wa mjini, nawe unatafuna?"

"Nimezaliwa Bukoba, bibi. Marehemu babu alitoka pwani, lakini mimi nimekulia kwenye akamwani."

Akapokea. Uchungu na harufu ile vikamjaa kinywani. Bibi akamgeukia Hellen, kikapu kikiwa bado mkononi, kisha akakirudisha kifuani.

"Huyu nilimpa siku ya kwanza. Akasema amekatazwa. Nikamuuliza, umekatazwa kula kwangu? Mimi nimemroga nani? Majirani walikuwa kisimani, wamesikia. Sasa wanasema serikali imepiga marufuku kula kwa Kokubanza, na serikali haikatazi bure. Jirani yangu, mzee Anatory, alikuwa akipita kila jioni tunatafuna, anazungumza mpaka ananichosha. Sasa anapita njia ya juu."

"Nani alikukataza, mwanangu?" Hafidhi alimuuliza Hellen, ingawa jibu lilikuwa limeanza kumfikia.

Hellen akainamisha kichwa. "Ni kwenye mwongozo, mzee. Mhudumu asipokee takrima yoyote kwa anayemhudumia."

Kanuni hiyo aliiandika ili pasiwe na mhudumu wa kumkamua mzee kuku au mkungu wa ndizi. Ilikuwa kanuni nzuri. Alipoiandika, punje ya kahawa haikumjia akilini hata kidogo, kwa sababu kwake haikuwa zawadi; ilikuwa namna ya kusema karibu.

"Ni mimi niliyeandika, bibi."

Kokubanza alitafuna taratibu. "Wewe? Na hata hukunijua."

"Sikukujua. Nimekukosea."

Papo hapo akampigia Johnson na kumwambia kanuni hiyo ibadilishwe: akamwani ipokelewe, na itafunwe mbele ya mwenye nyumba. Johnson akasita, akisema wakubwa watauliza. "Waambie mshauri alikosea," Hafidhi akasema. "Na wasiufunge mpango. Wazee hawajatukataa." Mwishowe Johnson akakubali.

Lakini maneno ya kisimani hayafutwi kwa simu. Hafidhi akatoa vigoda nje, akaviweka palipo wazi, njia zote mbili zinapoonekana. Wakakaa watatu. Bibi akamnyooshea Hellen kikapu, naye akatafuna, machozi yanamlengalenga. Wanawake wakapita na ndoo, wakasalimia, hawakusimama.

Jua liliposhuka, mzee mmoja akatokea njia ya juu. Akapunguza mwendo.

"Anatory!" Kokubanza akaita, amemjua kwa mguu wake unaoburuta. "Unanikimbia kama nakudai mahari?"

Mzee akashuka, akacheka kidogo. "Naona leo una wageni wakubwa."

"Wa serikali. Wanatafuna. Haya, nawe."

Akamtazama Hafidhi, akamtazama Hellen. Akanyoosha mkono, akachukua punje moja, akaifumba kiganjani. "Ahsante, waitu. Nawahi mbuzi." Akaondoka.

Bibi aligeuza uso kuifuata sauti ya mguu ule. "Ametafuna?"

"Ametafuna, bibi," Hellen akasema haraka.

Hafidhi alikuwa bado anamtazama Anatory. Kwenye kona ya migomba, ngumi yake ilikuwa ingali imefumbwa.

"Basi kesho atapita," Kokubanza akasema.

Giza lilikuwa likiingia na safari ya Bukoba ilikuwa ndefu. Hafidhi hakusimama. Akanyoosha kiganja, akaomba punje nyingine.