Mlango Uliorudi Kutoka Kaburini

Ukungu bado umelala juu ya mianzi wakati Tekla anaposimama mbele ya nyumba isiyo na paa na kupiga hodi. Hakuna anayejibu. Anasubiri kidogo, kama mgeni mwenye adabu, kisha anachomoa kisu na kuingia kwenye mianzi iliyo nyuma ya ukuta.

Anakata kipande chembamba kama ganda la kitunguu kwenye ncha ya mwanzi mchanga, halafu analitundika tena bomba la kukingia, ambalo hapa huitwa mbeta. Utomvu unaanza kudondoka. Jioni atarudi kukata tena. Ndivyo ulanzi unavyogemwa katika milima hii ya Iringa msimu wote wa mvua.

"Sisi tulihama," anasema, "lakini mwanzi hauhamishiki. Ndiyo maana nipo hapa kila siku."

Hapa ni mahame. Mwishoni mwa mwaka 1974, familia zilizotawanyika katika mabonde haya zilihamia kijiji kipya kando ya barabara. Mianzi yao ilibaki, na kwa misimu miwili wagema walikuja huku kwa makundi, wakipiga soga njia nzima. Mwaka huu, 1977, wengi hawaji. Wanaogopa, na aliyewatia hofu ni Tekla mwenyewe.

Mgema huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minne anaandika riwaya ya kutisha.

Alijifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la kijiji. Siku moja Mwalimu Liberatus aliwaambia waandike jambo lolote la nyumbani. Wenzake waliandika kuhusu mbolea, kuku na choo bora. Tekla aliandika kuhusu nyumba ya shamba ambayo kila jioni mlango wake hugongwa, chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto. Wenye nyumba wakifungua hawaoni mtu. Wanaona nyayo ndogo zilizolowa, zikiingia ndani.

"Ukurasa wa kwanza nilicheka," anakumbuka Mwalimu Liberatus. "Wa pili sikucheka. Wa tatu nilimwita mke wangu aje akae karibu."

Tangu hapo darasa linafurika. Kila sura ikikamilika, Tekla huisoma kwa sauti, na hata wasiojiandikisha husimama nje ya madirisha kusikiliza. Shida ni kwamba wote wanaujua mlango wenyewe.

Ni wa mninga. Mumewe, Didas, aliutengeneza kwa mkono, na bawaba alizinunua Mbalizi aliporudi kutoka vibarua vya dhahabu Makongolosi. Leo uko kwenye nyumba yao ya kijijini, na hakuna jirani anayethubutu kuugonga.

"Kamwene, Mama Mlango!" anaita mteja mmoja mchana huo, akiwa amezunguka hadi dirishani. "Tupe kopo mbili. Ila usifungue!"

"Nisipofungua nitakupaje?"

"Pitisha hapahapa. Mimi nina watoto, dada."

Tekla anacheka na kupitisha ulanzi dirishani. Katika mwezi wenye mvua nzuri alikuwa akipata shilingi themanini hivi. Sasa hafikishi hata nusu.

Mteja akishaondoka, kicheko kinaisha. "Zamani waliniita Mama Verediana," anasema. "Siku hizi wanaogopa hata kulitaja jina hilo."

Verediana alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka mitano walipohama. Didas aliezua paa, akang'oa mlango, akavibeba ili akajenge upya. Mvua iliwahi kuliko nyumba. Walilala kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja, na mtoto akashikwa na kichomi.

"Zahanati sasa ipo, na dawa zipo," anasema Tekla, akielekeza kidole barabarani. "Wakati ule vilikuwa vigingi vitupu ardhini."

Walitaka alale karibu na kaburi la bibi yake, kule walikotoka. Machela hawakuwa nayo. Mlango ulikuwa bado chini, haujapachikwa. Wakamlaza juu yake, wakambeba hadi nyumbani.

Didas, mtu wa maneno machache, anaweka randa chini. "Kwetu kilichobeba maiti huachwa palepale kaburini," anasema. "Lakini mvua ilikuwa inapiga, na mlango ulikuwa huo mmoja. Nikaubeba tena. Ni mimi niliyeurudisha."

Katika riwaya, ndicho kinachomleta yule mtoto. Anaufuata mlango, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho alicholalia.

Mwezi uliopita bwana mmoja wa elimu kutoka mjini alisikiliza sura zote kumi na moja. Aliahidi kuichapa riwaya kwa stensili, isambazwe kwa wanakisomo wa vijiji vingine, lakini kwa sharti moja: mzimu ushindwe. "Msomaji hawezi kwenda kulala wakati mzimu bado uko mlangoni," alisema.

Darasa zima liliafiki. Jirani yake Alinanuswe, aliyeolewa huku kutoka Tukuyu, alimpa hata njia. "Dada, uchome mlango humo kwenye karatasi. Humo tu! Na sisi huku tupate usingizi."

Tekla alijaribu. "Niliandika moto umeshika. Nikamsikia anauliza, 'Mama, sasa nigonge wapi?' Nikafuta."

Kwa hiyo sura ya mwisho itakwenda vingine. Mama wa kwenye riwaya atamfungulia mtoto, atamwita kwa jina, kisha atang'oa mlango na kuubeba hadi kwenye nyumba ya zamani. Mtoto atafuata nyuma. Jina lake litakuwa Verediana. Tekla anatumaini bwana yule ataikubali hivyo, ili jina hilo lisomwe na watu wasiokuwa na sababu ya kuliogopa.

"Akikataa?"

"Nitasoma hapahapa ghalani, mpaka wachoke kuogopa."

Na si katika riwaya tu. Mwezi wa Mei, ulanzi ukikatika, yeye na Didas watauchukua mlango wao wa mninga na kuusimamisha mahameni, karibu na kaburi. Mbao za kutengenezea mwingine bado hawana. Huku kijijini watatundika mkeka mahali pake.

"Na baridi ya Juni?" Didas anauliza, akiupapasa mlango.

"Tutajifunika," Tekla anamjibu. "Yeye mwaka wa tatu huu hana mlango."