Kibuyu Nyuma ya Kioo

Miaka ile ya hamsini palikuwa na makumbusho madogo kilimani, juu ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Memsabu aliyeyasimamia alipatana na kanisa letu: kina mama walete kazi za mikono za kwao, na mwenye kitu kitakachochaguliwa awafundishe watoto wa shule pale kila Jumamosi. Mchungaji alipotangaza, nilijua moyoni kwamba ni mimi.

Kibuyu changu cha maziwa nilipewa na mama nilipoolewa. Alikipamba shanga shingoni, nami nilikitunza hata kisipate mkwaruzo. Cha wifi yangu, dada ya mume wangu, kilianguka kikapasuka. Alikishona ufa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, kama wafanyavyo watu wetu, na mshono ule ukakaa kama kovu usoni.

Tulivipanga mezani kanisani. Memsabu akakiinua changu, akakisifu, akakirudisha. Akachukua cha wifi, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Hiki," akasema. "Watoto wataona jinsi kitu kinavyotunzwa."

Kinavyotunzwa! Na mimi niliyekitunza kisipasuke?

"Wifi, umenuna," wifi akaniambia tukirudi nyumbani.

"Jua limenichoma."

"Jua gani, na mawingu haya? Ungekiangusha chako mapema, basi!" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nilimwomba Mungu aniondolee wivu. Jumamosi nilipalilia mahindi huku nikiwaona watoto wakipanda kilima wakiimba, wakimwendea yeye. Wakishuka walimwita mwalimu. Nikaomba tena. Bwana ni mvumilivu, nami nilimchosha kwa ombi hilo moja.

Kisha jioni moja wifi akaja na maziwa kwenye sufuria.

"Yananiharibikia, wifi. Hayagandi vizuri humu. Kibuyu changu kimefungiwa nyuma ya kioo, na memsabu hakitoi kabla ya Krismasi. Niazime chako."

"Na kikianguka?"

"Nitakishona. Si mimi ndiye mwalimu?"

Nilicheka bila kutaka. Nikampa kwa mikono miwili, kama mama alivyonipa mimi. Alivuka shamba akiwa amekikumbatia kwapani, akirukaruka matuta kama msichana. Nilisimama mlangoni nikaanza kuomba, na sala ikanikwama: sikujua niombe kisianguke, au kianguke.